Maji ya Kisima Chako Yanaelea, na Mambo Mengine ya Kujua Ukiishi Kisiwani

Hebu tuanze na swali ambalo huenda hujawahi kujiuliza. Unguja imezungukwa na bahari pande zote. Sehemu kubwa ya mawe yake ni matumbawe ya kale, yaani mawe yenye matundu, nyufa na mapango. Bahari inaweza kupenya humo bila hodi. Sasa inakuwaje mtu anachimba kisima kijijini na kupata maji matamu?

Jibu ni kwamba maji yale yanaelea. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hayaendelei kuzama. Yanakaa juu, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, ila tofauti ni kwamba haya mawili yanaweza kuchanganyika. Kama ungeweza kukikata kisiwa kwa kisu kama mkate na kukitazama ubavuni, ungeona maji matamu yamejilaza chini ya ardhi mfano wa lenzi ya miwani: mazito katikati ya kisiwa, membamba sana ufukweni.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Tofauti ndogo kabisa, gramu 25 tu. Lakini kwa tofauti hiyo, kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake takriban mita 40 za maji matamu zilizozama. Mhandisi Badon Ghyben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, kila mmoja alilifikia jambo hili kwa njia yake, na mpaka leo kanuni hiyo inaitwa kwa majina yao. Kwenye mawe yenye mapango hesabu haitoki safi namna hiyo, maana maji huchanganyika njiani. Lakini wazo ni lilelile.

Sasa igeuze kanuni hiyo uone upande wake mbaya. Ukivuta maji mpaka uso wake chini ya ardhi ukashuka nusu mita, chumvi kule chini inaweza kupanda hadi mita 20. Wewe juu umeona kamba ya ndoo imeongezeka kidogo tu. Chini, bahari imepanda ghorofa kadhaa.

Kwa nini tunaanza na kisima katika makala ya mabadiliko ya tabianchi? Kwa sababu watu wa visiwani huwa wanauliza swali moja la haki kabisa: sisi tumeichafua hewa kiasi gani mpaka tuambiwe tubadilike? Ni kweli. Mtanzania wa kawaida kwa mwaka anatoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Wastani wa dunia ni kati ya tani 4 na 5 kwa mtu. Hata Zanzibar yote ikizima kila injini kesho, kipimajoto cha dunia hakitatikisika. Anayekwambia kwamba ukipanda mti mmoja nyuma ya nyumba umeokoa dunia, anakubembeleza.

Ila kuna swali la pili, na hilo liko mikononi mwetu. Bahari inapanda: kati ya 1901 na 2018 usawa wake duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kasi inaongezeka. Maji yanazidi kuwa na joto. Hayo yatatufikia tukitaka tusitake. Swali ni je, yatatukuta na kisima kilichojaa au kilichofyonzwa? Na mwamba wenye samaki au mwamba mtupu? Mambo ya kila siku yanaamua hapo. Hayapunguzi joto la dunia, yanaamua kisiwa kitalipokea vipi.

Chumvi huja kutoka chini

Watu wengi wakionja kisima kimeanza kuwa na chumvichumvi hulaumu bahari kupanda. Mara nyingine ni kweli, hasa kwenye visima vilivyo hatua chache kutoka ufukweni. Lakini kwa pwani nyingi duniani, tishio la haraka zaidi ni pampu. Ukifunga mota kubwa ukavuta kwa nguvu, maji ya chumvi chini ya kisima huinuka kama kichuguu kuelekea kwenye bomba. Na hayahitaji kufika mengi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Vijiko viwili vikubwa vya maji ya bahari ndani ya lita moja ya maji matamu vinaleta gramu moja hivi ya chumvi, na hapo ulimi unaanza kulalamika. Mnazi unaweza kuvumilia. Lakini chai itakushinda.

Kikishaharibika, kisima hakiponi kwa wiki mbili. Inabidi mvua za misimu kadhaa zizame ziisukume chumvi irudi chini.

Kwa hiyo la kwanza ni namna ya kuvuta. Kuvuta kidogo kidogo kwa muda mrefu, kisha kupumzisha, ni bora kuliko kuvuta kwa fujo saa moja ukajaza matangi yote. Visima viwili vifupi vilivyoachana ni salama kuliko kimoja kirefu, kwa sababu kila unavyochimba kwenda chini unaisogelea chumvi. Hapa mafundi wengi huwa wanakosea: maji yakipungua wanachimba zaidi. Bara hilo linaweza kuwa jibu. Kwenye ardhi ya uwanda, ile ya mawe ya matumbawe mashariki na kusini mwa Unguja, ambako lenzi ni nyembamba, ni kuifuata chumvi nyumbani kwake.

La pili ni daftari. Kipimo kidogo cha kupima chumvi kwenye maji, kinachotumia betri na kuingia mfukoni, si kifaa cha maabara tena, na shule moja au kamati ya maji ya shehia inaweza kukimiliki. Pima kisima kilekile mara moja kwa mwezi, wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, andika tarehe na namba. Baada ya mwaka una kitu ambacho hata ofisi nyingi hazina: ushahidi. Hoteli ikija kuchimba jirani na kijiji, na tunajua mgeni mmoja wa hoteli hutumia maji mara nyingi zaidi ya mwenyeji, unaweka daftari mezani. Bila daftari unabaki na “zamani maji yalikuwa matamu”, na hilo halina nguvu kwenye kikao.

La tatu ni choo. Mawe yenye matundu hayachuji kitu. Karo lililochimbwa hatua kumi kutoka kisimani linaongea na kisima hicho moja kwa moja, na mafuriko ya Masika yanaharakisha mazungumzo. Kipindupindu kinaijua njia hiyo vizuri.

Paa lako linaweza kukupa lita ngapi?

Kanuni ya mvua ni tamu kwa sababu haihitaji kikokotoo: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Unguja hupata kama milimita 1,600 kwa mwaka. Tuseme nyumba yako ina paa la bati la mita 5 kwa 8, yaani mita za mraba 40. Hizo ni lita 64,000 kwa mwaka. Toa asilimia 20 zinazoruka, kumwagika na kuukauka kwenye bati la moto, unabaki na lita 51,000 hivi. Zote hizo kwa sasa zinapita uani na kuchimba makorongo.

Bila shaka utasema: nani ana tangi la lita 51,000? Hakuna, na halihitajiki. Fanya hesabu kwa upande wa matumizi. Familia ya watu sita, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia tu, inatumia lita 30. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Masika litawatosha siku 166, zaidi ya miezi mitano. Hiyo inawavusha kipupwe mpaka Vuli zianze. Kuoga na kufua mnaendelea na kisima, hata kikiwa na chumvichumvi. Yaani huhitaji kuachana na kisima. Unakipunguzia mzigo, na maji ya kunywa unayapata mahali ambapo bahari haiwezi kufika.

Mambo matatu ya kuzingatia. Mvua ya kwanza baada ya ukame iache ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kipande cha bomba chenye kizibo chini ya mfereji wa paa kinatosha kuidaka. Mdomo wa tangi ufunikwe na chandarua kisichopitisha mbu, kwani mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia kuliko unavyoyapenda wewe. Na paa la makuti halifai kwa kazi hii. Maji yake hutoka rangi ya chai.

Si jambo geni kwetu. Nyumba za kale za Lamu zina mabirika ya kuhifadhia maji ndani kwa ndani. Kwenye kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, hakuna kisima cha maji matamu kabisa. Mabanda ya wageni yamejengwa paa lake lidake mvua na kuipeleka kwenye birika lililo chini ya sakafu, na vyoo vyake ni vya mboji, havitumii maji. Kama watalii wanalipa kulala huko, basi teknolojia hiyo si ya umaskini.

Pweza na miezi mitatu

Sasa twende baharini. Ukitaka kuelewa kwa nini uhifadhi mwingine unafanikiwa na mwingine unagonga mwamba, msome pweza.

Pweza anayevuliwa zaidi kwenye miamba yetu, anayeitwa kitaalamu *Octopus cyanea*, ana maisha mafupi ya kushangaza: mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Katika muda huo anatoka udogo wa punje ya mchele mpaka kilo kadhaa. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyaning'iniza mayai pangoni, anayalinda na kuyapulizia maji, hali chochote, na yakishaanguliwa anakufa.

Ukiyaweka hayo pamoja unapata jambo la kufurahisha kwa mvuvi. Mnyama anayekua kwa kasi hivyo ni kama akiba yenye faida kubwa ya muda mfupi. Pweza wa nusu kilo ukimchokoa leo, umepata nusu kilo. Ukimwacha miezi michache uzito wake unaongezeka maradufu na zaidi, na huenda akawa ametaga. Huwezi kusema hivyo kuhusu chewa, ambaye anahitaji miaka kabla hajazaa hata mara moja. Ukifunga mwamba miezi mitatu kwa ajili ya chewa utapata njaa ya miezi mitatu. Ukifunga kwa ajili ya pweza utapata pweza.

Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu hivyo mwaka 2004: kipande kimoja tu cha mwamba kikafungwa kwa muda, maeneo mengine yakabaki wazi. Majirani wakaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukichambua vipindi 36 vya kufunga na kufungua, ulikuta kwamba katika siku 30 baada ya kufungua, alichopata mvuvi mmoja kwa siku kilikuwa karibu mara mbili ya kabla ya kufunga. Jumla ya pweza waliotua kijijini iliongezeka zaidi sana, kwa sababu watu wengi zaidi hutoka siku hizo. Kwetu, Kisiwa Panza na Kukuu huko Pemba ni miongoni mwa vijiji vilivyofuata njia hiyo, vikisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao.

Je, hili lina uhusiano gani na joto la bahari? Matumbawe yakipata maji ya moto kupita kiasi huwatema vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe. Ilitokea vibaya mwaka 1998, ikatokea tena 2016, na tena 2024. Tumbawe jeupe halijafa bado, lina njaa. Kupona au kufa kunategemea joto litadumu muda gani, na hilo hatuliamui. Lakini yakifa, kitakachoota pale baadaye kinategemea sisi. Kama samaki wala-mwani kama pono na kangaja wapo, wanasafisha jiwe na vitoto vya matumbawe vinapata pa kushika. Kama wamekwisha kwa juya la kukokota, magugu ya bahari yanatanda na mwamba unabaki hivyo. Kufunga eneo la pweza kunaipumzisha pia sehemu hiyo na miguu na vyuma vinavyovunja matumbawe kila bamvua. Na, kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote ni kwamba kijiji kinajifunza kwamba kikikubaliana jambo, bahari inajibu ndani ya miezi mitatu. Kijiji kilichoona hivyo na pweza ndicho kinachoweza kushawishika kusubiri miaka kwa ajili ya chewa.

Tusidanganyane, kuna pa kujikwaa. Siku ya kufungua, wavuvi kutoka mbali husikia na kuja na boti. Pasipo utaratibu, faida ya miezi mitatu inaliwa kwa bamvua moja. Halafu kuna akina mama. Kuchokoa pweza kwa miguu maji yakipwa ni kazi ya wanawake wengi wasio na chombo. Ukifunga mwamba ulio karibu na kijiji, wanaume wenye ngalawa watakwenda mwamba wa mbali; wao watakwenda wapi? Kamati iliyojaa manahodha inaweza isilione hilo kabisa. Swali la kwanza kwenye kikao cha kufunga liwe: tunafunga kipande gani, na nani anakula kutoka hapo? Likijibiwa vibaya, ulinzi wa usiku hautasaidia kitu, maana mwenye njaa hawezi kuwa mlinzi.

Na wewe unayekunywa supu ya pweza mjini una kura yako. Vipweza vidogo visivyofika nusu kilo vinavuliwa kwa sababu vina mnunuzi.

Mkoko haupandwi popote

Hapa nitawaudhi baadhi ya watu. Kila mwaka tunaona picha: fulana mpya, kofia, viongozi wamekunja suruali, wanachomeka vikonyo vya mikoko kwenye tope. Picha za siku ya kupanda ni nyingi. Picha za mahali palepale mwaka mmoja baadaye ni chache sana, na kuna sababu.

Tunasema “mikoko” kama vile ni mti mmoja. Wazee wa pwani hawakosei hivyo. Wana mlilana, ambao husimama mbele kabisa kuikabili bahari. Wana mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, kando ya vijito. Nyuma yake mkandaa, na muia, na mchu ambao huvumilia chumvi kali hadi kwenye majangwa ya nyuma. Kila mmoja ana kimo chake cha maji: unaweza kufunikwa saa kadhaa kwa siku, na zaidi ya hapo unazama kama mtu yeyote.

Sasa kikonyo cha mkoko ni kirefu, kizito, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Kwa hiyo ndicho kinachochomekwa kila mahali, mara nyingi kwenye tope tupu lililo chini mno, kwa sababu tope tupu halina mwenyewe anayelalamika. Lakini jiulize: kama mkoko ungeweza kuota pale, kwa nini haukuota wenyewe? Vikonyo vinaelea na maji kila mwaka kwa maelfu. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa bidii sana, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikufa, mengine hadi mche wa mwisho. Mahali pabaya, aina isiyo yake.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, kuna maswali ya kuwauliza wazee na macho yako mwenyewe. Je, mikoko ilikuwepo hapa? Iliondokaje? Kama ilikatwa kwa ajili ya kuni za tanuu la chokaa, basi mche mpya unakuwa kuni za kesho, na mazungumzo ya kwanza ni na mwenye tanuu. Kama barabara au tuta limeziba mkondo, maji hayaingii wala kutoka, basi kazi ni kuweka kalavati. Ukirudisha maji, mikoko mara nyingi hujipanda yenyewe, bure, kila aina mahali pake, na hakuna sherehe.

Inastahili taabu hiyo? Ndiyo. Ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 unaweza kupunguza urefu wa mawimbi kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea aina, umri na msongamano wa miti. Pemba, ambako mabonde ya mpunga yamekaa karibu na mikono ya bahari, ukanda huo unaweza kuamua kama bamvua kubwa itaishia kwenye mizizi au itaingia shambani na kuacha chumvi. Na hapa tunagusa hata hesabu ya hewa ukaa: eneo moja la mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara tatu hadi nne ya eneo kama hilo la msitu wa kawaida wa tropiki, na sehemu kubwa iko kwenye tope, si kwenye mti. Tope lisilo na hewa haliozeshi upesi. Ukikata mti, tope linakauka, na akiba ya karne nyingi inaanza kutoroka. Ndiyo maana ekari moja ya mikoko mikubwa iliyoachwa bila kukatwa ni bora kuliko ekari kadhaa za picha.

Jambo la ukuta nalipitia haraka. Ufukwe ukiliwa, mwenye uwezo hujenga ukuta wa mawe mbele ya kiwanja chake. Wimbi halipotei, linagonga, linachota mchanga wa mbele, na ncha za ukuta zinalipeleka kwa jirani. Jirani naye anajenga. Kama bado hamjaanza mashindano hayo kijijini kwenu, acheni majani ya ufukweni yashike mchanga, acheni nyasi bahari zilizotupwa na mawimbi zilale pale zilipo badala ya kuzifagia kwa ajili ya wageni, na msichote mchanga wa kujengea kutoka mahali mnapolala.

Mwani umehama, wakulima je?

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mashariki mwa Unguja mwaka 1989, na tangu hapo kimewapa maelfu ya watu, wengi wao wanawake, fedha zao wenyewe. Aina mbili zinalimwa: spinosamu, na kotonii ambayo ina bei nzuri zaidi. Zote hukamuliwa karajinani, kitu kinachofanya aiskrimu na dawa ya meno viwe vizito.

Tatizo ni kwamba kotonii ni dhaifu mbele ya joto. Shamba liko kwenye maji ya magotini ili mkulima aweze kusimama. Bamvua ikipwa adhuhuri ya Februari, maji yale machache yanachemka kama sufuria iliyosahaulika. Mwani unapoteza rangi, unakuwa laini, unakatika, na kilichobaki kwenye kamba kinaliwa na magonjwa. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni sehemu nyingi zilizokuwa na kotonii zimebaki na spinosamu peke yake, au na vijiti vitupu.

Jibu la kisayansi linajulikana: peleka mwani kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi zaidi na hayabadiliki haraka. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa siku nyingi wa mwani Zanzibar, amefanya kazi na wakulima kujaribu nyavu za mfano wa mrija, ambamo mwani huwekwa ndani ili mawimbi ya maji ya kina yasiukate. Kwa hiyo siyo kwamba hatujui la kufanya.

Ila angalia jibu hilo linamdai nini mama wa Paje. Linamdai chombo, ambacho hana. Linamdai kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kabisa, kwa sababu lilihesabika si lao. Linamdai aende kwa kikundi na si saa anayoipenda baada ya kumaliza jikoni. Na vyote hivyo vinahitaji bei ya mwani inayolipa, wakati bei inapangwa mbali sana na Paje.

Kwa hiyo kama una fedha kidogo au nguvu ya kujitolea na unataka “kupambana na tabianchi” kisiwani, fikiria boti moja ya kikundi na mwalimu wa kike wa kuogelea kabla hujafikiria fulana za siku ya kupanda miti. Na kwa wanaoendelea kulima magotini kwa sasa: sogezeni kamba kwenye vijito vyenye mkondo, ambako maji hayatuami, kaushieni mwani kwenye vichanja badala ya mchangani, kwani mnunuzi hapendi kununua mchanga, na zile tai-tai za plastiki za kufungia mbegu, zikikatika, ziokoteni kabla ya maji kujaa. Zikishachukuliwa na bahari hazioti mwani tena, na kasa hawezi kuzitofautisha na chakula.